Mbegu Zilizokataa

Ukizitikisa mbegu za ua la kana ndani ya kopo la maziwa, zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ni nyeusi, za mviringo, ngumu kuliko punje yoyote ninayoifahamu, na watu wa kwetu huzitia ndani ya manyanga ili ngoma ipate kuchangamka. Juzi akina mama wa usharika wetu hapa Kanoni waliniletea kopo zima. Wameshazipanda mbele ya kanisa msimu baada ya msimu na hakuna hata moja iliyotokeza, basi wakaniomba mimi mzee wao niwaoteshee miche. Nililipokea kopo, likalia mkononi mwangu, na wale akina mama wakaendelea kuzungumza nami bila kujua kwamba nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Mabira, kwenye ua wa Mama Mkubwa, nimechuchumaa karibu na jiko la mafiga, nikitazama jambo ambalo lilinisumbua akili kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, nitawasimulia kama nilivyoliona, na palipo na utata mtanisamehe, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa ndani ya utata huo muda mrefu.

Mama, jina lake Dorotea, alizaliwa Mabira, katika nyumba ya Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Siku hizo Kyerwa, iliko Mabira, ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Baba alikuwa Mhaya wa Muleba, Mluteri, karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mama alipoolewa naye alihamia Kanoni, na akahamia pia kanisa lake. Tangu hapo dada yake mkubwa, Skolastika, aliacha kuja kwetu. Hakumtukana mtu. Aliacha tu kuja, na Mama naye akaacha kwenda, na hivyo wanawake wawili waliokuwa wakilala kitanda kimoja utotoni wakawa wanasalimiana kupitia midomo ya madereva wa malori.

Mbele ya mlango wa Bibi, mama yao, lilikuwepo ua moja kubwa, kichaka kizima cha kana. Majani yake yalikuwa mapana kama ya mgomba mchanga, na maua yake mekundu yenye madoa ya manjano. Hatukujua jina lake la vitabuni. Tuliliita ua la Bibi. Bibi alipokaribia kufa aliwaambia binti zake maneno machache, na mojawapo lilikuwa hili: ua langu mgawane.

Hapo inabidi nieleze desturi ya upande wa Mama, maana bila hiyo mtaona watu wanagombania jani. Walikuwa na msemo: mbegu hupewa jirani, tunguu hupewa ndugu. Jirani akilipenda ua lako, unamkung'utia mbegu kiganjani na anakwenda zake. Lakini ndugu anakuja mwenyewe. Mnafukua pamoja lile tunguu la chini ya udongo, linalofanana na tangawizi kubwa, yeye anashika huku, wewe unashika kule, mnavuta mpaka liachane, na kila mmoja anakwenda na nusu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kulipasua peke yake.

Siku ya mazishi ya Bibi, ambayo mimi nilisimuliwa tu, akina dada hao walisimama pande mbili za kaburi, na hakuna aliyemwambia mwenzake twende tukafukue. Mama alipokuwa akiondoka aliinama pembeni mwa kile kichaka kama mtu anayefunga kiatu, akachomoa vipande vya mizizi, akavifunga kwenye pembe ya kanga. Nilimwona akivipanda kwetu, nyuma ya jiko. Alivimwagilia, akaviwekea majani makavu ya mgomba ili jua lisivichome. Vikaoza. Alipovifukua vilikuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa. Siku hizi naweza kuwaambia sababu: havikuwa na jicho, na kipande kisicho na jicho hakina mahali pa kuchipulia. Lakini wakati ule niliona tu Mama akikaa na udongo mikononi, na nikaelewa kitu kimoja bila kuambiwa, kwamba hakuwa akililia ua.

Baada ya hapo ndipo nilipotumwa.

Nilikuwa na umri ambao watoto wa Kikatoliki hupokea komunyo ya kwanza. Sisi tulikuwa tunakaririshwa Amri Kumi. Kazi ya Baba ilimpeleka Mabira kufuata kahawa, basi nilipanda naye kwenye lori, nikateremshwa kwenye njia ya migomba inayoelekea kwa Mama Mkubwa, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya Bibi, na Baba akaendelea na safari akisema atanipitia kesho yake. Yeye hakushuka. Alisema lori lina haraka, ingawa dereva alikuwa ameshazima injini na anakula muwa.

Mama Mkubwa Skolastika alikuwa mrefu, mweusi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeimba kanisani mstari wa mbele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanizungusha kama anayenunua mbuzi.

"Wewe ndiye Koku? Uso ni wetu. Miguu ni ya Wahaya."

Nikatoa ujumbe niliokuwa nimeukariri njia nzima: Mama anaomba kipande cha ua la Bibi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Ana miguu?"

"Anayo, Mama Mkubwa."

"Namshukuru Mungu," akasema, na akaingia jikoni kunimenyea ndizi.

Jioni alikaa kwenye mkeka akipitisha mbegu nyeusi moja baada ya nyingine kati ya vidole vyake, midomo ikimchezacheza. Zilikuwa mbegu zilezile za ua la Bibi, zimetungwa kwenye uzi. Nilikuwa sijawahi kuona rozari. Nikadhani anazihesabu kila siku ili ajue kama Waluteri wameiba, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa Mluteri pekee mle ndani, nilikaa nimeficha mikono chini ya mapaja yangu ili asinishuku.

Asubuhi nilimkuta ameketi karibu na mafiga, jiwe likiwa mbele yake. Alichukua mbegu moja, akaisugua kwenye jiwe hadi weusi ukabanduka na weupe kidogo ukachungulia, akaiweka kwenye kibuyu kilichokatwa. Kisha nyingine. Alifanya kazi hiyo taratibu, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Alipomaliza aliinua birika kutoka motoni na kuzimwagia mbegu zile maji. Mvuke ukapanda. Nilishtuka, maana nilijua maji ya moto hufanya nini kwenye maharage. Yalipopoa alizikunja kwenye kitambaa kibichi, juu yake jani la mgomba lililobabuliwa, akafunga kwa uzi wa mgomba. Akaniwekea mikononi na kunitazama machoni.

"Mwambie Dorotea: zikikataa, aje."

Hayo ndiyo yote. Nikamwitikia, Baba akanipitia, na njia nzima nilikishika kifurushi kile kama yai.

Nyumbani walinihoji. Mama alifungua kile kitambaa akaona mbegu. Siyo tunguu, mbegu, kama za jirani. Baba alisimama nyuma yake. Akaniuliza nilichokiona, nami nilikuwa mtoto wa Shule ya Jumapili, nikasema kila kitu kwa mpangilio: alizisugua kwenye jiwe, kisha akazimwagia maji ya moto.

"Ya moto au ya uvuguvugu?" Baba akauliza.

"Ya moto. Yalikuwa yanatoa moshi."

Baba alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo mzaha ulimkauka. Alisema polepole kwamba kwao Muleba, mtu akikupa mbegu iliyopikwa amekupa jibu, na huhitaji kumuuliza tena. Nikaongeza ule ujumbe, zikikataa aje, nikitumaini utasaidia. Ukaharibu zaidi. Baba alisema: si unaona, anajua kabisa kwamba zitakataa.

Mama alizishika mbegu zile kiganjani, akazigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye yale makovu meupe. Niliona macho yake yakijaa maji, na nikaamua kuwa ni hasira. Kisha akazikunja tena kwenye kitambaa, akanyunyiza maji kidogo, akaziweka juu ya dari la jiko karibu na joto.

"Ziacheni," akasema.

Tangu siku hiyo kichwa changu kilivurugika. Nilikuwa nimesema kweli tupu na kweli ile imemwaga sumu nyumbani. Mama Mkubwa alikuwa amenimenyea ndizi na kunifunika blanketi lake mwenyewe, kumbe alikuwa mtu wa kupika mbegu za watu. Nikatafuta njia ya kuwatetea wote wawili, na nikaipata: huenda kosa lilikuwa la mbegu. Huenda zilikuwa mbegu za Kikatoliki na hazikutaka udongo wa Waluteri. Nilimuuliza mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili kama mmea unaweza kuwa na dhehebu. Alikohoa kidogo, akasema mimea iliumbwa siku ya tatu, kabla hakujawa na madhehebu, na akaniomba nirudi kwenye mstari.

Hata maombi yalinishinda. Zikiota, nilijiambia, basi Mama Mkubwa si mbaya. Lakini Mama hatakuwa na sababu ya kwenda Mabira. Zikikataa, Mama ameitwa aende. Lakini itakuwa kweli zilipikwa, na anamwendea adui. Nikapiga magoti nikamwambia Mungu achague mwenyewe.

Siku chache zilipita. Nilikuwa napanda juu ya kinu kuchungulia darini kila Mama alipokwenda kisimani. Na asubuhi moja nikafunua kitambaa nikaona, pale penye kovu la kila mbegu, jino jeupe limechomoza. Mbegu iliyopikwa ina meno. Nilishuka mbio nikaangusha kinu, nikamkuta Mama njiani na ndoo kichwani, nikamwonyesha kiganja changu.

"Mama, zimeota."

Alitua ndoo. Alizitazama kwa muda, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuweza kuusoma, hata leo nikiukumbuka siwezi kuusoma vizuri. Nilingoja aseme twende tukachimbe shimo. Udongo nyuma ya jiko ulikuwa tayari, ule alioulainisha kwa ajili ya mizizi iliyooza.

"Nimeona," akasema. "Zirudishe ulikozitoa. Na Baba yako usimsumbue na mambo ya mbegu."

Nikazirudisha. Kuanzia siku hiyo hakukinyunyizia tena maji kile kitambaa, wala hakuzipanda. Nilikwenda kuzichungulia na kila nilipokwenda lile jino lilikuwa limefifia, kwanza likawa la manjano, kisha la kahawia, mwisho likawa uzi mweusi uliovunjika nilipougusa. Nililia peke yangu nyuma ya jiko. Nilidhani Mama amemchukia dada yake kiasi cha kuua hata kile kilichoonyesha kwamba dada yake hakukosea. Nilimwogopa. Ndugu zangu, ni vigumu kwa mtoto kumwogopa mama ambaye hajampiga.

Jioni moja tukiwa tumemaliza kula, Mama alishusha kifurushi, akakifungua mbele ya Baba juu ya mkeka. Mbegu zilikuwa kavu kama mavi ya mbuzi.

"Zimekataa," akasema. "Alisema zikikataa niende. Lori lako linakwenda lini?"

Baba alimtazama, akazitazama mbegu, akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Mama hakugeuka kunikodolea wala kunikanya. Aliendelea tu kukunja kile kitambaa, taratibu, pembe kwa pembe. Nikafunga mdomo. Baba alisema lori linakwenda kesho kutwa.

Kwenye lori Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Mimi nilikaa juu ya magunia matupu nikiikariri Amri ya Nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, na nikijiuliza kama dada ni jirani.

Mama Mkubwa alikuwa uani akianika kahawa. Alimwona Mama akitokea kwenye migomba, akaacha mikono yake ndani ya kahawa. Walisalimiana kwa Kinyambo, lugha ya kwao, salamu ndefu ya heshima, kama watu waliokutana mara ya kwanza. Kuku peke yao ndio walioendelea na shughuli zao.

"Mbegu zimekataa," Mama akasema.

Mama Mkubwa aliinuka akapangusa mikono. "Zimekataa zote?"

"Zote."

"Hata moja haikutoa jino?"

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Nilijua jibu. Nilikuwa mtu pekee duniani, kama nilivyodhani, aliyejua jibu. Nikavuta pumzi ili niseme, na Mama Mkubwa, bila kuniangalia, akachukua ndizi iliyochomwa kutoka kwenye majivu akaniwekea mkononi, na ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilihitaji mdomo wangu kwa kuipuliza.

"Hata moja," Mama akasema.

"Basi ni mbegu mbaya," Mama Mkubwa akasema. "Chukua jembe, liko palepale."

Mama hakuuliza palepale ni wapi. Aliingia nyuma ya nyumba akatoka na jembe.

Walifukua kuzunguka kichaka chote, huyu upande huu, yule upande ule. Tunguu lilikuwa limekaa miaka mingi bila kuguswa, limejisokota na kushikana kama vidole vya watu wanaosali. Walishika kila mmoja upande wake, wakakanyaga udongo, wakavuta. Halikutikisika.

"Vuta basi," akasema Mama Mkubwa. "Huko kwa Waluteri hamlishwi?"

"Tunalishwa. Nyie ndio mmekalia kufunga."

"Mimi nifunge na mwili huu?"

Mama akaanza kucheka, na mtu anayecheka hana nguvu za kuvuta, kwa hiyo Mama Mkubwa akavuta peke yake, tunguu likaachana kwa mlio kama wa kuvunja muwa, na wote wawili wakaanguka chali, kila mmoja amekumbatia nusu yake. Hawakuinuka haraka. Walibaki pale chini, vitenge vimejaa udongo, wakicheka, kisha sikuwa na uhakika tena kama ni kicheko. Mimi nilikuwa na ndizi mdomoni na sikujua nicheke au nikawainue.

Tulirudi Kanoni na tunguu kwenye gunia. Mama aliligawa vipande, akinionyesha jicho la kila kipande kabla ya kukipanda, na msimu ule ukuta wa jiko letu ukawa mwekundu. Mama Mkubwa alikuja kuyaona maua, akalala kwetu, na kesho yake akatusindikiza hadi mlango wa kanisa letu. Hakuingia. Alikaa nje kwenye jiwe na rozari yake, akitusubiri. Tangu hapo waliendeana mpaka uzee ulipowakataza safari. Hakuna hata mmoja aliyebadilisha kanisa, na walitaniana juu ya jambo hilo hadi mwisho.

Lakini mimi nilibaki na fundo langu. Nilimwona mama yangu, mwanamke aliyetufundisha kwamba midomo ya uongo ni chukizo kwa Bwana, akisema uongo mchana kweupe, na badala ya laana ikashuka amani. Nilikua, nikasoma Maandiko, nikafundisha watoto wa watu Katekisimu, na fundo lile halikufunguka.

Lilianza kulegea nilipokuwa mama wa watoto mimi mwenyewe. Nilitaka ua lile mbele ya nyumba yangu, na Mama akaja kunisaidia. Nilikuwa na mbegu tu. Akaomba jiwe. Akaketi, akachukua mbegu ya kwanza, akaisugua hadi weupe ukachungulia, kisha akaniambia nichemshe maji. Nilisimama na birika mkononi nikamtazama. Nikamuuliza alijifunza wapi.

"Kwa mama yangu, nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa siku ile nilipokutuma Mabira," akasema. "Tulikuwa tunawaoteshea majirani. Skola alikuwa anasugua, mimi namwaga maji."

Kwa hiyo siku ile alipopitisha kidole gumba juu ya makovu yale, hakuhitaji kuambiwa yalikuwa nini. Baba hakukulia kwenye nyumba ile, akaona tusi. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona hasira. Yeye aliona kazi ya mkono wa dada yake, nusu zote mbili za kazi yao zimefanywa na mmoja. Na alijua, kama Mama Mkubwa alivyojua, kwamba mbegu zilizotengenezwa hivyo hazikatai.

"Mama," nikasema, "kumbe ulijua zimeota."

Alichukua mbegu nyingine akaanza kuisugua.

"Zilikataa," akasema. "Mwaga maji, yanapoa."

Nikamwaga. Sasa Mama na Mama Mkubwa wamelala kaburini, mmoja Kanoni, mmoja Mabira, na mimi ni mzee ninayeweza kuulizwa maswali na vijana. Wakiniuliza kama dada hao walitenda dhambi siku ile, huwa nawaambia kweli, kwamba sijui. Najua mmoja alimwachia mwenzake mlango wa kuingilia bila kuinama sana, na mwenzake akaziacha mbegu hai zife ili apate kuupita. Mtoto niliyekuwa aliona chuki mahali ambapo mtu alikuwa akitafuta njia ya kurudi kwao. Hukumu ya maneno yao namwachia Mungu aliyewaumba wote wawili, nami namshukuru kwa ile ndizi ya moto, iliyoninyamazisha wakati nilipokuwa nakaribia kusema kweli.